Ruhusa ya Marehemu

Parin alikuwa na miaka arobaini na mmoja baba yake alipofariki, mwaka 2011, na hadi siku hiyo hakuwahi kutoka nyumbani kwao Mississauga bila kuomba ruhusa. Mzee Sadrudin, aliyekuwa na duka la vitambaa Moshi kabla ya kuhamia Kanada, ndiye aliyemchagulia masomo, nguo, hata namna ya kufunga nywele. Wachumba aliwafukuzia mlangoni.

"Wewe hujui watu," alikuwa akimwambia. "Mimi ndiye ninayewajua."

Matanga yalipokwisha, Zameer, mhasibu mwenzake kazini, alimwalika wakale chakula cha mchana Jumapili. Parin alikubali kwa furaha. Siku ilipofika alivaa, akajipaka wanja, akashuka ngazi. Lakini gari la Zameer liliposimama nje, mkono wake uligoma kwenye kitasa.

Zameer akabisha hodi. "Parin, kuna nini?"

"Siwezi kutoka. Sijaruhusiwa."

"Na nani? Mzee si tumeshamzika?"

Parin alisimama nyuma ya mlango, machozi yakimchuruzika pamoja na wanja, mpaka akasikia gari likiondoka.

Zameer hakukata tamaa upesi. Alimwalika tena na tena, akikataliwa kwa upole, hadi mwishowe akaoa mwanamke wa Unionville. Parin alipeleka zawadi nzuri, ila harusini hakwenda. Dada yake alipomuuliza sababu, alijibu, "Baba asingependa."