Alhamdulillahi ya Bi Wahiba

Treni kutoka Qina ilipoingia Asyut, Bi Wahiba hakuuona mji. Aliona weupe tu, kama wa maziwa yaliyotiwa maji, na ndani yake watu waliopita bila nyuso. Mkaza mwanawe, Inshirah, alimshika kiwiko.

"Taratibu, mama. Kuna ngazi."

"Naiona."

"Unaiona kwa jicho lipi?"

Bi Wahiba alipapasa ngazi kwa mguu. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yote mawili, na mara mbili mwezi ule alitia mkono motoni akidhani ni mlango wa tanuri. Kijijini kwao mkate huumuliwa juani, kisha huokwa na mama mwenye nyumba, si na mwingine. Inshirah alikwisha kuanza kukanda unga bila kuombwa. Tanuri lingemtoka mkononi, Bi Wahiba angekuwa mgeni nyumbani kwake.

Hospitalini walimlaza chali, wakamfunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja. Moyo wake ulikuwa mbovu, hakuweza kupewa dawa ya usingizi. Daktari Lutfi alimchoma sindano ya ganzi kando ya jicho.

"Usitikisike, Hajja. Ukiumia, sema."

Taa ilikuwa kali kama jua la mchana. Alisikia chuma kikigusana na chuma. Kisha ikaja mkwaruzo, na nyuma yake maumivu membamba yaliyochimba hadi kisogoni. Ganzi haikushika.

"Unaumia, Hajja?"

"Alhamdulillahi."

Kwao ndivyo mgonjwa anavyojibu, hata akiwa anakata roho. Anayeuliza husikiliza sauti, halafu hukimbia kuleta maji au kumwita mtu. Daktari alisikiliza neno, akaendelea.

"Vipi sasa?"

"Alhamdulillahi!" Safari hii lilitoka kwa kukwaruza, meno yamebanwa.

"Mashallah, huyu ni jabali," alisema muuguzi Madiha, akicheka. "Wanaume hapa hulia kabla ya sindano."

Bi Wahiba aling'ang'ania shuka. Alijaribu kulifikiria tanuri, lakini akaona moto tu, na moto ulikuwa ndani ya jicho. Kichwa chake kikaruka chenyewe.

Daktari aliondoa chuma upesi.

"Hajja! Kwa nini hukusema?"

"Nimesema."

"Umesema alhamdulillahi!"

"Ulitaka nimtukane Mungu, mwanangu?"

 Daktari alishona pale alipokuwa amepasua, akafunga jicho bila kuliwekea kioo kipya cha ndani. Baadaye alikuja kitandani, akaketi, akazungumza kwa upole. Jicho litapona, alisema, ila halitaona mpaka amalizie kazi. Arudi baada ya wiki chache. Atazidisha ganzi. "Na siku hiyo, mama yangu, ukiumia piga yowe."

"Sijui kupiga yowe mbele ya wanaume."

"Gonga kitanda, basi."

"Sirudi."

Inshirah alimsihi, akamkasirikia, akamsihi tena. Hata alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Bi Wahiba alivaa viatu kwa kupapasa, cha kushoto mguu wa kulia, akavibadilisha mwenyewe.

Madiha aliwasindikiza hadi mlangoni. "Bado unaumwa, Hajja?"

"Alhamdulillahi."

Sasa Madiha aliisikia sauti, si neno tu. Alinyoosha mkono, lakini wale wawili walikwisha kuanza kushuka ngazi.

"Kesho ni siku ya kuoka, mama," alisema Inshirah. "Nikukandie unga?"

"Kanda," alisema Bi Wahiba. "Na uoke."