Sanduku la Mita Ishirini

Aibu hii niliificha hata kwa mume wangu, na yeye akaja kuisikia sokoni Ikutha, kutoka kwa mama mmoja muuza mbuzi ambaye siku hiyo alikuwa ameketi benchi ya mbele kabisa. Kwa hivyo heri niwaambie mwenyewe, maana yule mama huongeza chumvi, na kusema kweli haihitaji chumvi.

Miaka ya themanini mwanzoni nilikuwa mwalimu asiye na mafunzo katika shule moja ya harambee upande huo wa Ikutha. Nilifundisha historia na dini, na nilikuwa nangoja hedimasta aniandikie barua ya kunipendekeza chuo cha ualimu, basi kila alichoniomba nilikubali kabla hajamaliza kusema. Mwalimu wa fizikia akaugua, akaenda kwao Machakos kupumzika. Hedimasta akaniita.

"Ndinda, fizikia wewe uliisoma mpaka kidato cha nne, sivyo?"

Kuisoma niliisoma. Kuupita mtihani wake ni mambo mengine, na hayo hakuniuliza. Nikasema ndiyo.

"Sisemi ufundishe. Wasaidie tu kidato cha pili na homuweki, saa kumi jioni, mpaka mwenzako apone."

Wiki mbili nilipona kwa ujanja. Majibu ya kile kitabu yalikuwa kurasa za nyuma, kwa hivyo nilikuwa naangalia jibu kwanza, halafu natafuta njia ya kulifikia, kama mtu anayefuata kwato za ng'ombe aliyepotea. Wanafunzi wakaanza kunisifu (nami, badala ya kuogopa, nikaanza kuwaamini).

Wiki ya tatu tukakutana na sanduku. Sanduku la kilo ishirini liko sakafuni, kitako chake sentimita hamsini kwa arobaini, tafuta presha. Uzito wake ni nyutoni mia mbili, hapo hakuna taabu. Hamsini mara arobaini ni elfu mbili, na kwa kuwa sentimita mia moja ni mita moja, nikagawanya kwa mia nikapata mita ishirini za mraba. Mia mbili gawanya kwa ishirini, kumi. Nikapiga mstari chini ya jibu kwa chaki, mistari miwili.

Kalekye akainua mkono. Alikuwa msichana mpole, binti wa mkulima, mwenye mwandiko mdogo sana.

"Madam, kitabu kinasema elfu moja."

Nikakokotoa tena, nikapata kumi. Mara ya tatu, kumi. Sasa hapo ndipo ningesema "sijui, tumngoje mwenyewe", maneno matatu tu, na leo nisingekuwa na kisa. Lakini kulikuwa na macho thelathini na kitu yananitazama kwa imani, nami nikasema, "Kitabu kimekosea. Aliyechapisha ameongeza sifuri mbili. Kateni, muandike kumi." Wakakata, kwa biro, si kwa penseli.

"Lakini Madam..." Kalekye akasema.

"Kalekye, kitabu kimeandikwa na binadamu kama mimi na wewe." (Niliona nimenena neno zito.)

Habari ikamfikia hedimasta. Akaniuliza kama ni kweli nimepata kosa kwenye kitabu cha serikali, na mimi, ambaye ningeweza bado kurudi nyuma, nikasema ni kweli. Siku ya wazazi alikuja mkaguzi wa shule kutoka Kitui, mzee mtulivu wa miwani, na hedimasta akasimama mbele ya wazazi wote pale uwanjani akatangaza kwamba shule yetu ni changa lakini ina mwalimu aliyesahihisha kitabu. Wazazi wakapiga makofi. Mkaguzi akasema taratibu, "Ningependa kuona."

Ubao ukaletwa nje. Nikaandika yote, mpaka kumi na mistari yake miwili.

"Kwa hivyo kitako cha sanduku ni mita ishirini za mraba," akasema mkaguzi.

"Ndiyo, bwana."

"Basi tulichore hapa chini, wazazi walione."

Wanafunzi wakaja na rula ya mita, wakapima tano kwa nne mchangani. Ilibidi benchi mbili za wazazi zisogezwe, na meza ya wageni, na askofu mdogo wa kanisa letu akaombwa asimame kando kidogo. Mstari ulipofungwa, hedimasta na mkaguzi na meza yao walikuwa ndani ya sanduku, na nafasi ilibaki.

Mzee mmoja akaliangalia akasema, "Ng'ombe wangu sita wanalala humu."

Yule mama wa mbuzi akauliza, "Na lina kilo ishirini tu? Limeundwa na nini, karatasi?"

Kicheko kilianza kama kikohozi, huku na huku, kisha kikaenea uwanja mzima. Na mimi, chaki mkononi, nikafungua mdomo nikasema, "Labda ni sanduku kubwa."

Kalekye ndiye aliyekuja ubaoni. Hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, tubadilishe ziwe mita kabla ya kuzidisha," akaandika nukta tano mara nukta nne, akapata nukta mbili, na mia mbili ikagawanyika ikawa elfu moja, kama kitabu.

Hedimasta aliniambia maneno mawili siku hiyo: "Barua itangoja." Ilingoja mwaka mzima. Jumatatu niliwaomba radhi kidato cha pili, wakakata kumi kwa biro, na ukurasa ule ukawa kama umekanyagwa na kuku.

Mwalimu wa fizikia aliporudi nilimwomba niketi benchi ya nyuma, nifanye homuweki pamoja na watoto. Kalekye alinisahihishia ya kwanza. Alinipa nne kwa kumi, bila huruma na bila dharau, akaandika pembeni kwa ule mwandiko mdogo, "Onyesha kazi yako."

Tangu hapo mtoto akiniuliza nisilolijua, namwambia sijui. Na nikiona kitabu kimekosea, kwanza nanyamaza wiki moja.