Macho ya Karibu ya Zulhumor

Yote yalianzia stesheni ya treni ya Kogon, karibu na mji wa Bukhara, Januari ya baridi ya kukata masikio, Zulhumor alipomkumbatia mtoto wa mama mwingine.

Mtaa mzima ulicheka, lakini yeye hakuona cha kuchekesha. Alitoka kwenye theluji akaingia ukumbini kwenye joto, miwani yake nene ikashika ukungu, naye hakuwa na subira ya kuifuta. Mwanawe Firdavs alikuwa kazini Urusi karibu miaka miwili. Akaona koti la buluu linakuja, akalivamia, akalia begani. Kijana wa watu akasimama wima kama nguzo, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, mimi siye." Firdavs alikuwa nyuma yao, begi mkononi, anaona kila kitu.

Kesho yake, wakiwa kwenye chai, Firdavs akatangaza. Hakuuliza, alitangaza.

"Mama, tunakwenda kufanya leza. Macho yarekebishwe, miwani tuitupe, na ile sindano ya kudarizi uiache. Umetulea, inatosha."

"Hiyo leza inauma?"

"Wanasema haiumi."

"Wanasema kina nani?"

"Watu. Mtandaoni."

"Haya. Mtandao nao umeshafanyiwa?"

Firdavs akacheka, akajua ameshakubaliwa. Na kweli Zulhumor alishakubali moyoni. Anayekwambia miwani nene si kitu, huyo hajaivaa tangu darasa la pili. Hajaitwa "chupa" shuleni. Hajawahi kuoga bila kujua kama kile cheusi ukutani ni mdudu au ufa. Zulhumor alikuwa amepita arobaini, mjane, na alikuwa anataka kitu kimoja tu: mwanawe akishuka kwenye treni, yeye ndiye amtambue kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sasa hiyo sindano. Zulhumor anadarizi kwa uzi wa dhahabu. Bukhara nzima, bwana harusi anayejiheshimu hatoki bila joho la mahameli lenye dhahabu mgongoni, na majoho mengi ya mtaa wao yamepita kwenye fremu ya mbao iliyo chumbani kwa Zulhumor. Akikaa kazini jambo la kwanza ni kuvua miwani, kuitundika kwenye msumari, na kuinama mpaka pua inakaribia kugusa kitambaa. Hapo, kwenye umbali wa kiganja, anaona kila uzi ulivyolala, na ule uliolala vibaya anaufumua. Jirani yake Mehri, fundi mwenzake, ana macho mazima lakini anafanya kazi na kioo cha kukuzia.

"Wewe Mungu alikunyima mlima akakupa sisimizi," Mehri humwambia.

"Bora sisimizi. Mlima nimeufanyia nini?"

Tangu vuli kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulihesabu kuwa jambo. Pembeni mwa jicho la kushoto alikuwa anaona cheche. Kitu kinametameta, kinazima. Alimwambia Mehri, naye Mehri akasema wanavyosema mafundi wote wa mtaa ule: "Dhahabu inakukonyeza. Bahati hiyo, usiikatae." Ikaishia hapo. Mtu anayeshinda amelala kifudifudi juu ya dhahabu, akiona kitu kinang'aa atashtuka? Hata cheche zilipomjia amefumba macho, alijiambia ni uzi umemfuata kitandani, kama anayeshuka kwenye basi la safari ndefu akalala, kitanda bado kinayumba.

Kliniki ilikuwa safi, yenye joto, mashine zimepangwa kama jikoni kwa tajiri. Nesi akauliza maswali haraka haraka. Ugonjwa wa sukari? Hana. Presha? Kidogo. Kazi ya mama?

"Yuko nyumbani tu," Firdavs akajibu.

Zulhumor akatikisa kichwa kukubali. Hakudanganya, kwa akili ya kwao. Mtaani kwao kila mwanamke mwenye fremu chumbani anajibu hivyo. Kazi inayofanywa na ndala miguuni, sufuria ikichemka pembeni, haiitwi kazi, hata kama ndiyo iliyosomesha watoto na kumzika baba yao kwa heshima. Ni ujinga, na umewagharimu wanawake wengi. Siku hiyo nusura umgharimu na Zulhumor.

Daktari alikuwa binti mdogo, Umida, mtaratibu wa mikono. Akapima, akapima tena, kisha akamwekea lenzi laini juu ya mboni. "Hivi ndivyo utakavyoona baada ya leza, mama. Angalia dirishani."

Zulhumor akaangalia. Ng'ambo ya barabara mwanamke alikuwa anaanua nguo zilizoganda kwa baridi, na Zulhumor akaona mashati yalivyokakamaa mikono, akaona pete ya yule mwanamke. Juu ya paa, njiwa, na kila njiwa ana shingo. Akageuka akamwona mwanawe kutoka upande wa pili wa chumba, uso mzima, bila fremu ya miwani kuukata.

Kisha, kwa mazoea tu, akaona kipande cha uzi kimenasa kwenye mkono wa sweta lake, akakiinua karibu na uso akitoe. Hakukiona. Akasogeza zaidi. Kikazidi kupotea, na vidole navyo vikawa ukungu.

"Daktari," akasema, "vidole vyangu vimekwenda wapi?"

"Huo ni umri, mama. Wewe ulikuwa unaona karibu kwa sababu huoni mbali. Tukikupa mbali, karibu inaondoka. Utavaa miwani midogo ya kusomea. Kwa mama wa nyumbani haisumbui sana."

Firdavs akawa anaangalia viatu vyake.

Zulhumor akakaa na ule uzi usioonekana katikati ya vidole. Angeweza kunyamaza tu. Mwanawe angefurahi, yeye angewaona njiwa, na fremu ingegeuzwa kibao cha kuanikia aprikoti.

"Mimi si mama wa nyumbani," akasema. "Mimi fundi. Nadarizi dhahabu, kwa macho matupu, hapa." Akaweka kiganja mbele ya pua.

"Mama," Firdavs akasema, "si tulikubaliana utapumzika."

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikuwa nakunywa chai."

Daktari Umida akatoa lenzi, akaziweka pembeni. "Ningekufanyia, mama. Kesho yake ungekaa kwenye hiyo kazi yako ukanilaani." Akavuta kiti karibu. "Ukiwa kwenye dhahabu hiyo, hukuwahi kuona mwanga unaomulika pembeni ya jicho? Kama radi ndogo?"

"Naona. Ni dhahabu inakonyeza."

"Tangu lini?"

"Vuli."

Daktari hakucheka. Akamtia matone ya kupanua mboni, wakangoja, kisha akachungulia ndani kwa taa kali, akaangalia chini, juu, pembeni, akarudia kushoto.

"Jicho refu kama lako, ngozi ya nyuma inavutwa, inakuwa nyembamba," akasema mwishowe. "Hapa kushoto imetoboka. Tundu dogo. Ikianza kubanduka itakuja kama pazia, na pazia hilo huwezi kulivuta wewe. Mama, ile haikuwa dhahabu."

Walimziba tundu hilo jioni ileile, kwa leza ya aina nyingine, isiyompa mtu macho mapya. Inashikiza yale aliyonayo yasiondoke. Ilikuwa kama kupigwa sindano za mwanga. Zulhumor alizihesabu kama mishono, akapotea, akaacha. Wakamwambia asibebe mizigo, akaguliwe kila mwaka, na akiona cheche tena asiulize jirani. Leza ya kutupa miwani hakuitaja tena, na Firdavs hakuitaja.

Siku ya Firdavs kurudi Urusi, Kogon, treni ikiwa imeshasimama, Zulhumor alivua miwani mbele ya watu, akamshika mwanawe mashavu, akauvuta ule uso mpaka ukafika umbali wa kiganja.

"Mama, watu wanaangalia."

"Na mimi naangalia. Tulia."

Akamsoma kama anavyosoma mahameli. Kovu la utotoni chini ya kidevu. Mvi moja, mapema mno. Kisha macho: kope zimebabuka, weupe umekuwa mwekundu, mishipa imetapakaa.

"Hii nini?"

"Kuchomelea vyuma. Vumbi tu, Mama. Wote tuko hivyo."

"Unavaa kinga?"

"Ikiwepo."

"Mimi niliambiwa ni dhahabu," Zulhumor akasema. "Wewe umeambiwa ni vumbi."

Filimbi ikalia. Firdavs akaahidi atakwenda kwa daktari kule, kama watoto wanavyoahidi, akapanda.

Zulhumor akavaa miwani. Ikashika ukungu papo hapo, wa pumzi na wa machozi, na treni ikawa mstari mrefu wa madoa ya taa. Hakujua mwanawe yuko dirisha lipi. Akayapungia yote.