Kurasa za Mwisho Nilizomnyima Baba

Nisiwapotezee muda kumtafuta mwizi. Mwizi ni mimi! Mhariri, jina langu usilitoe, maana nauza vitenge Mkuyuni na wateja wananisifia upole. Upole gani, jamani? Nina wivu, na ninao tangu nikiwa na miaka tisa.

Baba yetu alikuwa fundi wa kushona nyavu. Alikuwa na vitabu vyembamba vya upelelezi vya watoto, vya binti mmoja wa shule aitwaye Minza. Jumapili tukitoka ibadani alitusomea, mimi na mdogo wangu, ambaye hapa nitamwita Neema. Akifika sura ya mwisho anafunga kitabu. "Haya, mwizi nani?"

Atakayepatia anapewa kichwa cha sato. Kichwa cha sato kwetu ni cha baba mwenye nyumba, watoto tulikiona kwa macho tu! Neema alipatia karibu kila mara. Mimi nilipatia mara moja, na siku hiyo samaki hatukuwa nao, tulikula mchicha.

Huyo Minza alikuwa na tabia moja, naomba muikumbuke. Aliyerudisha kitu kabla ya kutajwa, hakumtaja kwa mtu.

Miaka ikaenda. Baba akapofuka, miguu ikavimba, nikamleta kwangu Pasiansi. Nilimwogesha mimi, nilimlisha mimi, mashuka nilifua mimi. Neema ni mwalimu huko Sengerema, kwa hiyo alikuja Jumamosi tu, anavuka na feri ya Kamanga, kapendeza, ananukia, na mkobani ana kitabu cha Minza. Baba alishampa vitabu vyote yeye, eti ndiye anayevipenda.

Basi ikisikika tu ile "Shikamoo baba!" mlangoni, mzee anakaa mwenyewe kitandani. Mwenyewe! Mimi wiki nzima namwinua kwa makwapa. Akisomewa anacheka, anabisha, anaomba chai ya pili. Kwangu ilikuwa "asante mama," kisha anageukia ukutani. Niliumia, msiniulize niliumia kiasi gani.

Wakafika kitabu cha kumi na moja, cha mwisho. Hicho hatukuwahi kusomewa, baba alikinunua sisi tukiwa tumeshakwenda shule za bweni, na yeye akakiweka akisema atatusubiri. Alikuwa na hamu nacho kupita kiasi. Jumamosi moja ikabaki sura moja tu. Neema akasema wiki ijayo anamaliza, nikaange sato.

Jumamosi hiyo ikafika. Neema aliweka mkoba kitini, akaenda kunawa. Nikakichomoa kitabu. Kilikuwa kimechakaa, gundi imeisha, karatasi nne za mwisho zikatoka bila hata kuvutwa. Nikazifutika kwenye kitenge changu. Nilipanga Jumatatu nimsomee baba mwenyewe, tukiwa wawili, acheke kwa ajili yangu walau mara moja.

"Mungu wangu, kurasa hazipo!" Neema akashtuka.

Nikawa wa kwanza kuinama! Nikachungulia mvunguni, nikakung'uta mashuka, nikainua godoro baba akiwa juu yake. "Angalia vizuri mkobani, mdogo wangu! Hukukifungua kwenye feri?"

"Nilikifungua, dada. Na upepo ulikuwa mkali." Akaanza kulia.

Baba sikio kalielekeza upande wangu. Halafu akauliza, "Sato ameiva?"

Nikaleta sahani. Akapapasa, akachukua kichwa. "Leo nakula mwenyewe. Mwizi nimeshamjua."

Neema akacheka na machozi yake, akidhani baba anakisia wa kitabuni. "Nani, baba?"

"Kula samaki, mwanangu."

Jumatatu nikashindwa kumsomea. Ningesema nimezipata wapi? Jumatano nikiwa namlisha uji, akanishika mkono wenye kijiko. "Mama, yule mwizi amerudisha?"

"Bado, baba."

"Mwambie asiogope. Minza huwa hamtaji aliyerudisha."

Kurasa zilikuwa sandukuni, hatua nne kutoka kitandani! Nikasema, "Kunywa baba, uji unapoa." Akanywa.

Ijumaa mchana akatutoka.

Msibani Neema aliwaambia wote waliokuja kumpa pole kwamba amempotezea mzee mwisho wa hadithi yake. Nami nilimshika bega nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi huyu! Mpaka leo anaulizia kitabu hicho kwa wauza vitabu vya mitumba, na kila akikikosa ananipigia simu analia.

Tulipomaliza matanga aliniachia vitabu vyote, akasema hawezi kuviangalia. Nikavisoma upya, kimoja kimoja, mtu mzima na miwani yangu. Utotoni niliviona vigumu kweli! Kumbe mwizi unaweza kumjua mapema kabisa. Ni yule anayetafuta kwa bidii kuliko wenzake, anayeinua magodoro na kuwahimiza wengine waangalie vizuri. Neema aliligundua hilo akiwa na miaka saba. Baba, kipofu, alilisikia akiwa amelala. Mimi nimelijua nikiwa na mvi, tena kitandani kwa baba hakuna mtu.

Hicho cha kumi na moja sijakimaliza. Karatasi nne zingali sandukuni, na sijathubutu kusoma hata mstari mmoja.

Jumamosi hii navuka Kamanga nikamkabidhi Neema, na nimwambie zilikuwa wapi. Akinifukuza, ana haki.

Nawe unayesoma, kama kuna cha ndugu yako ulichokificha kwa wivu, kirudishe leo, mwenyewe akiwa anasikia. Usijidanganye kwamba hajui. Baba yangu alijua, akanisubiri siku sita, na tulikuwa nyumba moja.