Upepo wa Baba Mkubwa

Juzi nilisimama kwenye kituo cha mafuta pale Lodwar. Kijana akaligonga tairi langu kwa kiatu na kuuliza, "Madam, niweke upepo ngapi?" Swali dogo tu, rafiki yangu, lakini damu ilinichemka. Nilimkumbuka baba mkubwa, na sikumkumbuka kwa wema.

Mwaka ule wa 2012 tulikuwa tukikaa Nawoitorong, karibu na Lodwar, mama na mimi. Mama alikuwa mwalimu. Baba alifanya kazi Kataboi, kando ya Ziwa Turkana, na kila alipokuja alileta samaki wakavu ambao harufu yao ilikaa ndani ya mapazia hadi aje tena. Tulikuwa na gari dogo jeupe. Jumamosi asubuhi, mchanga ukiwa bado baridi, kazi yangu ilikuwa kumfungulia mama vifuniko vya tairi naye akipima upepo. "Pima kabla gari halijatembea," alizoea kusema, "na usibahatishe, mlango unakwambia." Kwenye fremu ya mlango wa dereva palikuwa na stika ya kiwango cha upepo: thelathini na mbili. Niliisoma kwa sauti kama mtoto anayesoma Biblia kanisani.

Kisha akaja baba mkubwa kutoka Kitale, eti kutuangalia. Alikuwa ameendesha malori tangu ujana, na kwake tairi lisilo gumu kama jiwe halikuwa tairi.

"Tairi lege, dereva lege," alisema.

"Shemeji, hili si lori," mama akamjibu.

Alijaza upepo, mama akapunguza. Akajaza tena. Siku moja nilimkuta amechuchumaa na kisu, anaibandua ile stika. "Haya, soma sasa," akamwambia mama. Tangu hapo nilikataa kumpelekea maji ya kunawa. Nilichapwa, na bado nikakataa.

Mwaka uliofuata, siku moja asubuhi, ikaja simu. Nyanya, mzazi wa mama, aliyekuwa akiuza chai Kakuma, alikuwa amezidiwa na malaria. Mama alipopima matairi alikuta yamejazwa kupita kiasi. Alianza kuyapunguza upepo, baba mkubwa akamnyang'anya geji ya kupimia na kuirusha nje ya ua.

"Mama yako anakufa, wewe unacheza na upepo!"

Akaketi kwenye usukani. Mama aliniangalia, akaingia. Angefanyaje?

Barabara ilikuwa mashimo matupu, na gari lilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Jua lilipokuwa kali, tairi la mbele likalipuka. Tuliacha lami, tukaingia kwenye miiba. Paji la uso la mama lilipasuka. Mwanamke aliyekuwa akichunga mbuzi alikuja mbio akituuliza kwa Kiturkana kama tu salama, "Ejok? Ejok?" akamfuta mama damu kwa shuka lake. Baba mkubwa alikuwa akizunguka gari, akilaani shimo, akilaani serikali. Hakusema pole.

Lori lililokuwa likienda Kakuma lilisimama. Mama alinipandisha kwanza. Baba mkubwa naye akashika ukingo apande.

"Wewe baki," mama akamwambia. "Baki na upepo wako."

Nyanya tulimkuta hai. Jirani yake, mama mmoja wa Sudan Kusini kutoka kambi ya wakimbizi, alikuwa amempeleka hospitali kwa bodaboda, akimshikilia kifuani njia nzima.

Baba alikuja baada ya siku chache. Nilidhani atamfukuza kaka yake. Alikaa kando ya kitanda cha nyanya, akaliangalia jeraha la mama, akasema, "Lakini umemwacha ndugu yangu juani."

Hatukurudi Nawoitorong. Mama alipata shule Kakuma, nami nikakua kwenye moshi wa jiko la nyanya. Watu huniuliza kama ndoa huvunjika kwa sababu ya tairi. Ninachojua ni kwamba harufu ya samaki wa Kataboi sijaisikia tena ndani ya nyumba yetu. Baba mkubwa sasa ni mzee, hutuma salamu kila Krismasi. Sijawahi kuzijibu.