Mabati ya Mvunguni

Nilinunua mabati ishirini na manne kabla sijapata ruhusa ya kujenga. Kosa la aina hiyo hulifanya Mjaluo mwenye mshahara, na mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, kijana, mwenye kichwa kigumu kuliko ubao niliouandikia. Ulikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Mabati yalitoka Homa Bay juu ya basi, kisha wanaume sita wakayabeba kichwani kutoka barabarani hadi kwa baba, yakipiga kelele njia nzima, nami nyuma yao nikitembea kama bwana harusi.

Baba alikuwa anasokota kamba kando ya ghala. Hakuinuka.

"Haya ni ya nani?"

"Yangu, baba. Nataka kujenga boma langu."

"Kaka yako amejenga?"

Jibu alilijua. Kwetu kijana akioa hukaa kwanza ndani ya boma la baba yake. Siku ikifika, baba humtoa, wakaenda na jogoo, shoka na moto kuanzisha boma jipya. Lakini wana hutoka kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mdogo hamruki mkubwa. Mkubwa wangu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Migori. Alikuwa hajalala nyumbani miaka mitatu.

Basi mabati yakaingia mvunguni mwa kitanda chetu. Kitanda kilikuwa kifupi kuliko mabati, kwa hiyo ncha zilitokeza miguuni, na kila asubuhi mimi au mke wangu tulijikwaruza visigino. Nyumba yenyewe ilikuwa ya nyasi na ilivuja mahali pamoja, karibu na miguu ya kitanda. Tulikinga karai hapo, na mlio wa matone ndani ya karai ulinichoma moyo kama matusi.

Kisa cha haja yangu hiyo ni cha kitoto. Nikiwa mdogo, mvua ilinikuta njiani nikajibanza barazani kwa karani mmoja, mwenye nyumba pekee ya bati tuliyoijua. Mvua ilipoangukia lile paa, nilihisi kwamba watu walio ndani hawawezi kupatwa na baya lolote. Nikaapa kwamba siku moja nitalala kitandani mwangu nisikilize mvua ikipiga bati langu mwenyewe. Mke wangu nilimwahidi hivyo siku niliyomposa. Alisema yeye atatosheka na nyumba isiyovuja.

Nilimfuata kaka Migori mara mbili. Alinipokea vizuri, akaninunulia chai, akakohoa sana, akacheka.

"Omera, ndugu yangu, kwani hiyo mabati itaoza? Ngoja kiangazi, nitakuja nijenge."

Kiangazi kilikuja, yeye hakuja. Kila mtu aliniambia subira huvuta heri, mpaka nikaichukia methali hiyo na wanaoitumia. Asubuhi moja nilichukua panga nikaenda kufyeka kiwanja mwenyewe, mila ijitetee ikiweza. Baba hakunigombeza. Alikuja na kigoda chake, akakiweka katikati ya pale nilipofyeka, akakaa. Alikaa mpaka kengele ya shule ikalia nikalazimika kuondoka. 

Mabati nayo yakaanza kuondoka. Miaka ile ziwa lilifura likapanda mashambani, na shangazi yangu akakimbia nyumba yake iliyojaa maji hadi kwenye magoti. Alihitaji pa kulala siku hiyo hiyo, nikampa matano aezekee kibanda karibu nasi. Halafu upepo ulibeba paa la darasa langu. Watoto walisoma juani wiki moja, nikavumilia. Wiki ya pili nikatoa sita, kwa azima. Mwalimu mkuu aliniandikia barua nzuri ya shukrani, na ndicho kitu pekee kilichorudi. Mama naye alikuja kulalamika kwamba mtama wake unaota ghalani kwa unyevu. Alilalamika kwa upole sana, huku akitazama mvunguni.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mke wangu aliniambia nilipopiga magoti kuvuta manne ya mama. Alicheka mpaka akaketi. Yeye mwenyewe alikuwa amechukua moja kimyakimya, akalikunja liwe mfereji wa kukinga maji ya mvua.

Kaka alirudi mwaka wa nne wa mabati yangu, kazi ya machimbo ilipopungua. Alikuja na sanduku moja na kile kikohozi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kali, na niliianza jioni ile ile tukiwa tumekaa wawili nje. Alinisikiliza, kisha akasema, akitazama chini:

"Niliona haya, omera. Ungejenga ya bati, na mimi mkubwa wako niezeke nyasi mbele yako? Watu wangesema nini? Nikasema wacha nipate kitu kwanza. Sikupata."

Hotuba yangu ikaishia hapo. Miaka yote ile nilidhani ananipuuza, kumbe ananihofu. Nilisikitika, tena nilikasirika, kwa sababu ni vigumu kumkasirikia mtu aliyekwambia ukweli.

Yalibaki mabati manane. Asubuhi mke wangu alinyoosha miguu, akajikwaruza kwa mara ya mwisho, akasema, "Mwalimu, manane hayatoshi nyumba yetu. Kibanda cha mtu mmoja anayekohoa yanatosha."

"Na ahadi yangu?"

"Mimi niliomba isiyovuja. Ezeka nyasi nene."

Baba akamtoa kaka na jogoo, shoka na moto. Kibanda chake kikaezekwa bati, kidogo lakini kimesimama wima, naye akasimama vilevile mlangoni. Msimu uliofuata baba akanitoa mimi. Niliezeka nyasi nene kama nilivyoagizwa. Walimu wenzangu walinitania kwamba mwenye mabati analala nyasini.

Mvua ya kwanza ilitukuta alasiri ya Jumapili, tumejilaza. Kwetu mvua hutoka ziwani, unaisikia ikija. Ilifika kwanza shuleni, nikasikia paa la darasa likinguruma. Ikaja kwa shangazi. Ikapiga ghala la mama, halafu kibanda cha kaka, naye ndani yake akakohoa. Kisha ikatufikia sisi, juu ya nyasi, bila kelele yoyote, na tuliweza kuzungumza bila kupaza sauti.

"Unasikia?" mke wangu akaniuliza.

"Nasikia. Ni mabati yangu yote hayo."

Alicheka. Karibu na miguu ya kitanda tone likaanguka, halafu jingine. Niliinuka nikaleta karai, nikalikinga, nikarudi kulala.