Rangi ya Asiyesalimu

Bi Mwajabu binti Abdala wa mtaa wa Dunda, Bagamoyo, alikuwa msusi wa mikeka. Nakshi zake alizirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, na wote watatu, Mungu awarehemu waliotangulia, walisuka mkeka uleule. Ilipoingia miaka ya sabini Mwajabu akauchoka. Alikuwa mjane, watoto wamehamia Dar es Salaam, hana wa kumpikia ila nafsi yake. Akaona kama ni kuchoka, heri achoshwe na jambo jipya.

Akajiwekea kanuni. Alisukia barazani, mbele ya mlango wake, na tangu siku hiyo hakuchagua rangi tena. Mpita njia akisema shikamoo, uchane wa ukindu unaofuata ni mwekundu. Akisema asalaam aleikum, ni wa manjano. Akipita kimya, mweusi. Asipopita mtu, mweupe. Basi. Kazi ngumu haikuwa kusuka, ilikuwa kujizuia. Mara nyingi jicho lilitaka nyekundu, mtaa ukatoa manjano, na Mwajabu akameza mate akasuka manjano. Zikaanza kutoka nakshi ambazo mama yake asingeziota, zinazoelekea kuharibika kabisa, kisha zinajirekebisha zenyewe.

Uzuri wote wa mkeka wa kwanza ulikuwa katika weusi wake. Ulikatiza mshazari, ukapotea, ukazuka tena pale ambapo hukuutegemea. Na weusi huo ulikuwa mtu mmoja. Bagamoyo ni mji wa adabu, hata mwizi hubisha hodi. Aliyepita kimya ni Chausiku peke yake, dada yake Mwajabu, baba mmoja mama mbalimbali, akienda sokoni na kurudi. Walikuwa hawasemezani kwa miaka.

"Apitaye humsalimu aliyeketi, ndivyo tulivyofunzwa chuo cha Kurani," Mwajabu alimwambia kila aliyeuliza kisa. "Mimi nimeketi, yeye anapita, hafungui kinywa. Nifanyeje?"

Ugomvi mwingine haukuwapo. Na kila aliposhika uchane mweusi alimkumbuka dada yake, akaumia, kisha akausuka.

Siku moja akatokea afisa utamaduni, kijana aitwaye Bwanausi, mwenye suti ya mikono mifupi. "Ndugu Mwajabu, habari za ujenzi wa taifa!" akapaza sauti. Salamu hiyo haikuwamo katika kanuni, kwa hiyo Mwajabu akasuka mweupe, kana kwamba hakupita mtu. Bwanausi akauona mkeka ukining'inia ukutani, akasahau taifa.

"Weusi huu, mama, umeubuni vipi?"

"Sikuubuni, mwanangu. Umepita."

Kijana akadhani ni falsafa, akatikisa kichwa kwa heshima. Akaagiza mwingine mkubwa, wenye weusi kama ule, utandikwe mbele ya wageni kwenye maonyesho ya Saba Saba, na jina la msusi liandikwe juu yake kwa herufi kubwa. Jina la Mwajabu lilikuwa halijaandikwa popote ila kwenye kadi ya chama. Aliutaka mkeka huo kuliko kitu chochote tangu kufiwa na mumewe.

Kosa lake lilikuwa kumweleza shoga yake Tatu, aliyemsaidia kuunga kili, zile kanda za mkeka, siri ya kanuni yake, kisha akaongeza, "Usimwambie mtu." Kwa Tatu maneno hayo yalikuwa sawa na kupiga mbiu. Kufikia Ijumaa mji mzima ulitaka kwenda Saba Saba, japo kwa uchane mmoja mkekani. Watu waliokuwa na njia nyingine wakazunguka wapite Dunda. Shikamoo zikamiminika asubuhi na jioni, hata Mzee Rehani, aliyemjua Mwajabu akiwa anatambaa, akasimama na bakora yake akasema, "Shikamoo, Bi Mwajabu!" Naye kwa aibu akaitikia marahaba, akasuka nyekundu. Mkeka ukawa mwekundu mwanzo hadi mwisho, kama kanga mpya isiyo na maneno. Adabu ikizidi nayo ni balaa.

Na Chausiku, aliposikia kuwa yeye ndiye weusi wenyewe, akaacha njia ile.

"Si uchomeke tu mweusi?" Tatu akamshauri. "Nani atajua?"

Mwajabu akajaribu. Weusi ule aliouchagua mwenyewe ukakaa mahali pazuri kabisa, ukiwa na uso wa mtu anayedanganya. Akaufumua. Lisilo budi hutendwa: akajitanda kanga, akaenda kwa dada yake kumwomba apite tena, kimya, kama zamani.

Alimkuta barazani anachambua mchele. Chausiku hakuinua macho. Mwajabu alikuwa ametayarisha hotuba, lakini hotuba lazima itanguliwe na kitu, na hapo ndipo kanuni yake mwenyewe ilipomgeukia. Leo aliyeketi ni Chausiku. Anayepita ni yeye.

"Shikamoo, dada," akasema.

Mikono ya Chausiku ikasimama juu ya ungo. "Marahaba," akasema. "Miaka yote naingojea hiyo."

"Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukipita!"

"Na wewe ndiye mdogo. Mdogo humwamkia mkubwa. Nilikubeba mgongoni, Mwajabu, ndiyo niamke mimi nikuamkie wewe?" Akakung'uta ungo kwa hasira, kisha hasira ikamwishia. "Kutoka hapa hadi sokoni njia ya karibu ni nyuma ya msikiti. Ulidhani nilipita kwako kila siku kufuata nini? Na nilikuwa napita polepole, nikupe nafasi."

Mwajabu akaketi chini palepale, akalia bila kujificha. Lile alilokuja kuomba hakuliomba.

Saba Saba ilipokaribia Bwanausi akarudi kuuchukua mkeka. Akaukunjua, akaugeuza, akautazama huku na huku, mwekundu mtupu.

"Mama, mbona umeniangusha? Weusi ule uko wapi?"

"Yumo ndani," akasema Mwajabu. "Tunakula. Karibu."